Ziara ya kamati ya maji: kutoka Hombolo hadi Mtera

Jumatatu, Hombolo

Kijiji chetu kimepangiwa lambo, na ugomvi ukaanza siku ileile. Wafugaji wanalitaka karibu na josho. Walimu wanalitaka karibu na shule. Wengine wanasema korongo la juu ndilo lenye maji, na korongo hilo linapita katikati ya mashamba ya Babu, ambaye hajasema ndiyo wala hapana. Mkutano mkuu ukaamua kamati itembee kwanza, ikaone mabwawa ya wenzetu, yaliyo hai na yaliyokufa, ndipo tuitane tena. Tukachangishana mafuta, kijana mmoja akatoa Noah yake, tukaondoka alfajiri: mimi katibu, Mama mweka hazina, na Babu mwenyewe. Si mjumbe wa kamati, ila nani angethubutu kumwacha?

Septemba Dodoma ni vumbi na zabibu. Njia ya Hombolo, kaskazini mashariki mwa jiji, tulipishana na pikipiki zilizobeba kreti za mavuno ya pili ya mwaka. Mibuyu haina jani hata moja. Mbele ya bwawa Mama mweka hazina alisimama akashika kiuno: "Mvua imekatika Aprili. Haya yametoka wapi?"

Yametoka Kinyasungwe, mto ambao kama mito mingi ya Ugogo ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukijaa, unajaa kwa saa chache na kubeba kila kitu. Serikali ya mkoloni iliuzibia njia hapa mwaka 1957. Babu anakumbuka vizuri, maana alikuwa mchunga ndama.

Tulimkuta fundi wa umwagiliaji anakagua tuta, akatupa somo bila kuombwa. Ukuta wa bwawa, alisema, haujali maji yamefika umbali gani nyuma yake. Unajali kina. Kila mita moja ya kina huongeza tani moja ya msukumo kwenye kila mita ya mraba. Ndiyo maana tuta la udongo ni jembamba juu na pana sana chini, na ndani yake kuna kiini cha udongo wa mfinyanzi uliosindiliwa, wa kuzuia maji yasipenye. Maji machache hupenya hata hivyo, na hilo si kosa. Kosa ni pale yanapotokea upande wa pili yakiwa na rangi ya udongo, maana hapo tuta linaliwa kutoka ndani. Akatuonyesha kichaka cha migunga kilichoota ubavuni, akasema ingekuwa amri yake angekikata leo, kwa sababu mzizi ukioza unaacha tundu, na tundu ni njia.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya utoro wa maji. Tuta la udongo halipaswi kufurikiwa hata siku moja. Maji yakipita juu ya kichwa chake, yanalichimba mgongo na kulikata kwa muda mfupi. Kwa hiyo pembeni, kwenye ardhi ngumu, lazima kuwe na njia pana ya kutorosha ziada. "Malambo mengi ya vijiji niliyoona yamekatika," alisema, "hayakukatika kwa tuta dhaifu. Utoro ulibanwa ili fedha zitoshe." Mama mweka hazina aliandika hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

Kisha fundi akaonja maji. Yana chumvi. Chumvi hiyo ni ya hesabu nyepesi: mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, lakini jua na upepo vinaweza kukausha zaidi ya mita 2 za maji yaliyo wazi. Maji yanapaa, chumvi inabaki, na mwaka unaofuata inaongezeka nyingine. Kwa perege si neno. Kwa bustani inayomwagiliwa kila wiki ni jambo la kuangalia, na udongo usiopitisha maji vizuri huanza kuota unga mweupe juu.

Watoto walikuwa wanaogelea. Fundi aliwafukuza, wakarudi. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani kandokando, na bwawa lolote jipya linawaalika. Hilo kwetu halijasemwa kwenye kikao chochote.

Jumanne, Ikowa

Tuliacha lami ya barabara ya Dar es Salaam upande wa Chamwino tukaingia njia ya vumbi. Bwawa la Ikowa ni la kizazi kimoja na Hombolo, ila halina bahati yake. Nilikuwa nimejiandaa kuona maji. Nikaona uwanda wa tope kavu lililopasuka vipande vipande, ng'ombe wakilisha juu yake.

Hapa ndipo nilipoelewa bwawa linavyokufa. Mto unaokimbia una nguvu ya kubeba. Ukifika penye maji yaliyosimama, unapungua mwendo na kuangusha mzigo: changarawe na mchanga kwanza, pale mlangoni, na udongo laini unaenda mbele hadi kwenye tuta. Kila mwaka kidogo. Na katika nchi hii hata si kila mwaka kidogo, maana sehemu kubwa ya tope huletwa na mvua chache za mwanzo, Desemba, zinapopiga ardhi iliyokuwa uchi tangu Mei. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uppsala, Sweden, walipima Ikowa, Matumbulu na Msalatu, na walichokuta ni kwamba mabwawa ya Ugogo umri wake ni wa miongo, wala si karne. Utafiti huo una zaidi ya miaka 50. Sikumbuki kuusikia ukitajwa na yeyote aliyekuja kijijini kwetu kuahidi lambo.

Babu alikataa kulitazama tope. Alitazama vilima vya nyuma: mashamba ya mtama na uwele yaliyolimwa hadi ukingoni mwa korongo, mashina ya miti iliyokwenda kuwa mkaa, njia za ng'ombe zilizogeuka mifereji.

"Bwawa halikuharibiwa hapa," alisema. "Limeharibiwa kule."

Nikamwambia, Babu, ni kama kwako tu. Hakujibu. Baadaye sana, tukiwa kwenye chai, ndipo akaanza kuzungumzia Kondoa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ng'ombe wote waliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Majani yalirudi, miti ikarudi, makorongo mengine yakatulia. "Ardhi ilipona," alisema, "na wenye ng'ombe je?" Walihamia tambarare na kubanana na wengine, au waliuza. Nadhani yote mawili ni kweli. Anayetaka kuhifadhi lindimaji la bwawa, yaani ardhi yote inayolitiririshia maji, kwa amri tu ajue kwamba kuna mtu anakabidhiwa bili.

Jumatano, Bahi

Barabara ya Singida, safari fupi, joto kali. Tulikuja Bahi kwa sababu Mama mweka hazina ana wifi yake hapa anayelima mpunga. Nashukuru, maana bila yeye tungeona mabwawa tu, tusione watu wa chini ya mabwawa.

Mto Bubu unatoka nyanda za Kondoa, unapita Farkwa wilayani Chemba, unakuja kufia hapa kwenye mbuga ya Bahi. Haufiki baharini. Kila mvua kubwa unaenea, unamwaga tope jeusi, na watu wanapanda mpunga juu yake. Tope lilelile lililoiua Ikowa ndilo linalowalisha Bahi.

Sasa, jiji la Dodoma linakunywa hasa maji ya visima vya Mzakwe, Makutupora, na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma watu wameongezeka kuliko visima. Ndiyo maana Bwawa la Farkwa, kwenye mto Bubu, limekuwa kwenye mipango kwa muda mrefu, na wakazi wa Mombose na Bubutole walitakiwa kupisha. Hoja ya jiji ninaielewa. Nina ndugu Chang'ombe ya Dodoma wanaochota usiku wa manane. Lakini wifi alituuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu: "Mafuriko yakizuiwa kule juu, hili shamba litalowa na nini? Watatuletea maji ya bomba tumwagie mpunga?"

Zipo njia. Mabwawa mengine hufunguliwa kwa makusudi msimu wa mvua ili mafuriko kiasi yateremke kwa ajili ya walio chini. Kuandika kanuni hiyo si kazi. Kuitii mwaka wa ukame, jiji likiwa na kiu, ndiko kwenye kazi, na huko sina imani sana.

Tulilala kwake. Wali, kambale wa kukaanga, mlenda. Babu alisema mlenda wa Bahi una mchanga, wakacheka wote isipokuwa mpishi.

Alhamisi, barabara ya Mtera

Zamani Dodoma hadi Iringa ilikuwa siku nzima ya kumeza vumbi. Leo ni lami, karibu kilomita 260. Mlowa Barabarani, Manzase, kisha Fufu, ambako barabara inateremka ukingo wa bonde na hewa inabadilika kuwa nzito. Chipogolo tulinunua maji na ubuyu. Baada ya hapo ni migunga na mibuyu hadi Mtera.

Barabara inapita juu ya ukuta wenyewe. Ni ukuta wa zege, mita 45 kwenda juu, mita 260 kwa urefu, na umegemezwa na nguzo kubwa za zege upande wa chini. Kijana wetu wa Noah alitaka kupiga picha, akaonywa kwa upole na askari kwamba hairuhusiwi. Upande mmoja maji yanatanda hadi yasipoonekana mwisho. Upande mwingine ni shimo la mawe na mto mdogo kuliko nilivyotarajia.

Ukuta huu ulipomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, haukuwa na mtambo hata mmoja. Uliwekwa kwa ajili ya Kidatu, mbali huko bondeni upande wa Morogoro, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1975 lakini bwawa lake ni dogo, mita za ujazo milioni 125 tu. Kidatu ilihitaji ghala. Mtera ndiyo ghala lenyewe: hupokea masika ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo, kisha huyatoa taratibu kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, miwili ya megawati 40 kila mmoja, ilikuja mwaka 1988, na imewekwa chini ya ardhi ili maji yaporomoke zaidi ya kimo cha ukuta. Nguvu ya umeme wa maji ni mambo mawili tu, wingi wa maji yanayopita na kimo yanachoporomoka. Ukiongeza kimo kwa kuchimba mwamba unapata umeme zaidi kwa maji yaleyale.

Maji yakitoka hapo yanakwenda Kidatu yanazungusha mitambo minne, megawati 204. Yakitoka Kidatu yanaingia Rufiji. Na tangu bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, yanafanya kazi tena, kwenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Tone moja la Ruaha linafanya kazi mara tatu kabla ya kuona bahari. Hapo nilisimama kwa fahari kidogo, sitaficha.

Lakini Mtera ni sinia, si chungu. Likijaa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 660, na kina cha wastani ni mita chache tu. Zidisha eneo hilo kwa mita 2 za mvuke kwa mwaka: zaidi ya mita za ujazo bilioni moja zinapanda angani, kutoka bwawa ambalo likijaa lina kama bilioni 3.7. Jua linachukua fungu lake kabla ya mtambo. Na kwa kuwa ni sinia, maji yakishuka mita moja, ukingo unarudi nyuma mbali sana, na wanakijiji wanayafuata kwa mahindi na maharage kwenye tope lililoachwa. Ukipanda mapema unavuna. Bwawa likijaa mapema, umewapandia samaki.

Ijumaa, Migoli

Tulivuka upande wa Iringa. Salamu zikabadilika kuwa "kamwene", Babu akaitikia kwa Kigogo, wakaelewana vizuri kabisa.

Migoli ni soko la samaki: perege, kambale, wabichi, wa kukaanga, wa moshi. Majini wamesimama miti mikavu, mamia kwa mamia, migunga na mibuyu iliyozamishwa ikiwa hai kwa sababu haikukatwa kabla ya bwawa kujazwa. Sasa ni makao ya mnandi na furukombe. Wavuvi wanaipenda na kuichukia, kwa sababu samaki hujificha hapo na nyavu huchanika hapohapo. Mamba nao wapo. Mama mmoja alituonyesha sehemu ambayo wanawake hawachoti tena.

Bwawa jipya huwa na samaki wengi miaka ya mwanzo, kwa kuwa majani na samadi ya nchi iliyozama ni chakula. Kisha hupungua. Mzee wa hapa, rika la Babu, alisema alipokuwa kijana ngarawa moja ilirudi imejaa kabla ya jua kuwaka. Alisema pia kwamba makaburi ya babu zake yako chini ya maji, karibu na pale ndege walipotua, na akanyoosha kidole bila kutafuta. Walihamishwa. Umeme uliozalishwa kwa bonde lao ulipita juu ya vichwa vyao kwa nyaya miaka mingi kabla ya kuteremka nyumbani kwake.

Nilimuuliza kuhusu miaka ya mgawo wa umeme. Mwaka 2006 Mtera ilishuka chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango ambacho chini yake mitambo haipaswi kuendeshwa. Oktoba 2015 mitambo ya umeme wa maji nchini ilisimama kwa ukame. Kila mara lawama zilikwenda juu, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, bonde la Mbeya ambako Ruaha Mkuu unapita kabla ya kufika Mtera. Ni kweli kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabanana kwenye vidimbwi. Lakini wapo wataalamu waliochambua hesabu za bwawa na kusema kwamba maji yanayopotea Usangu kiangazi ni machache kulinganisha na yanayoijaza Mtera masika, na kwamba namna maji yalivyotolewa bwawani nayo ilichangia giza. Wafugaji waliondolewa Ihefu, kinamasi cha Usangu, mwaka 2006. Mzee alisikiliza yote hayo, akasema, "Kila anayekaa juu ya mwenzake ni mwizi. Sisi nasi tuko juu ya Kidatu."

Wa chini kabisa hawapo kwenye mazungumzo haya: watu wa delta ya Rufiji, ambao mikoko yao hujengwa kwa tope la mto. Tope likibaki kwenye mabwawa, maji yanafika kwao yakiwa safi na yenye njaa, yanakula kingo.

Jumamosi, njiani kurudi

Baada ya Fufu Babu aliomba gari lisimame kwenye daraja la korongo moja. Chini yake mchanga mtupu, na wanawake wawili wamechimba kishimo, wanachota maji kwa kata. Safi kuliko Hombolo. Hayana chumvi ya jua, hayana konokono, kwa sababu yamefunikwa.

Hapo tukaongea kwa saa nzima. Kuna bwawa la namna hiyo: ukuta mfupi wa mawe na zege, umejengwa juu ya mwamba kukata korongo, mchanga unaachwa ujae nyuma yake kwa makusudi. Robo hivi ya ujazo wa mchanga huo, au zaidi, ni maji. Tope laini linapita juu, mchanga mzito unabaki. Kwa watu wa kunywa linatosha. Kwa ng'ombe mia tano halitoshi, na wafugaji wetu watasema hivyo ndani ya dakika ya kwanza ya kikao. Kwa hiyo Mama mweka hazina anapendekeza vyote viwili: ukuta wa mchanga korongo la juu, na lambo chini karibu na josho, lenye kina cha kutosha kulishinda jua na eneo dogo la juu, pamoja na mbirika nje ya uzio ili ng'ombe wasiingie majini. Ameandika "UTORO KWANZA" kwa herufi kubwa. Mimi nitaandika barua RUWASA, wakala wa maji vijijini, tuombe mtaalamu wa kupima mwamba kabla hatujachangisha shilingi.

Babu yuko tayari kuacha ukanda wa majani pande zote mbili za korongo, hatua thelathini bila jembe. Hajasaini. Anataka kwanza wafugaji wa mlimani waje kwenye kikao, na waje na idadi kamili ya ng'ombe wao, si ile wanayomwambia mtendaji.